Kioo Kilichofungwa na Kalamu Ndani

Meneja aliifungua ile laptop mbele yetu sote, juu ya meza ya kuonjea chai, na kioo kikaonekana. Chini upande wa kulia palikuwa na doa jeusi ukubwa wa kiganja, kama wino uliomwagika ndani ya glasi ukakosa pa kutokea. Kutoka kwenye doa zilipanda nyufa hadi juu, na kwingine kote mistari ya rangi ilikuwa inachezacheza. Mashine yenyewe ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa. Kilichokufa ni kioo.

"Nani aliishika mwisho?" meneja aliuliza.

Tulikuwa tumesimama ukutani, wa ofisini na wa kiwandani, kila mtu anatazama viatu vyake. Zilikuwa wiki zile ambazo shamba la chai limeshauzwa kwa mwekezaji na majina ya watakaopunguzwa hayajasomwa. Wakati kama huo hata kukohoa unakohoa kwa adabu. Afisa Utawala, Bwana Zakaria Mntangi, alisimama karibu na meneja, kalamu yake ya chuma mfukoni mwa shati. Hakunitazama. Alisema neno moja tu:

"Fundi."

Fundi ni mimi, Athumani Singano. Vijana mlioshika karakana sasa mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi, maana nimestaafu na nyumbani sina la kufanya zaidi ya kugombana na kuku. Nimekubali. Ila msitegemee maneno matamu. Vyeo sitavizungumzia kwa sababu sikuvipata, na mshahara sitauzungumzia kwa sababu nina presha.

Nilitoka Mlola baada ya darasa la saba, nikaja shambani kutafuta kibarua cha kuchuma chai. Mnyapara alinitazama mabega akasema sitabeba kikapu mpaka jioni, nipelekwe ofisini nikafagie. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi: kwa kukosa mabega. Siku ya kwanza nilitumwa kupeleka taipureta karakana, ile bovu ya karani. Karakana ilikuwa chumba kidogo nyuma ya tanuri la kukaushia chai, na humo alikaa Mzee Shekigenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mikono yako inatoa jasho?"

"Hapana, mzee."

"Ilete niione mwenyewe. Watu husema hapana."

Alinipapasa viganja kama mtu anayenunua kitambaa. Kisha akaniambia nikae pembeni na nisiguse kitu mpaka aniambie. Siku hiyo hakuniambia. Kesho yake pia hakuniambia. Nilikuwa nafagia ofisini haraka haraka, kisha nakwenda kukaa pale na kutazama. Alikuwa na meza aliyoitandika blanketi la kijivu, ili skrubu ikianguka isiruke, ibaki hapo hapo ilipoangukia. Skrubu alizipanga kwenye vifuniko vya soda kwa mfuatano wa kuzitoa, kifuniko cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, na wakati wa kurudisha alianza kulia. Bisibisi zake alizizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mpini. Mpaka leo nikiona fundi anamwaga skrubu zote kwenye sahani moja, napata homa.

Kwa nini karakana iliwekwa nyuma ya tanuri? Kwa sababu palikuwa pakavu. Ninyi mmezaliwa humu na mnadhani ukungu ni mapambo ya kupigia picha. Mashine za huku juu ukungu ndio unazimaliza. Ile taipureta niliyoipeleka siku ya kwanza, herufi zake za upande mmoja zilikuwa hazipandi. Mzee aliifungua akakuta maharage. Panya aliyaweka akiba ndani, na unyevu ukayachipusha, na mizizi ikashika vile vijiti vya herufi. Mzee aliyatoa moja moja kwa kibano, akayaweka mezani, akaniambia, "Mpelekee karani mavuno yake."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kunituma kama mtu wa karakana.

Alinifundisha mengi, lakini moja nawaomba mlishike hata kama haya mengine mtayatupa. Usipokee kitu kikiwa kimefungwa. Mwenye kitu akiwashe mwenyewe, mbele yako, mkione wote hali yake, ndipo ukipokee. Siku moja alikuja bwana mmoja na redio kubwa, anadai inakoroma kidogo tu.

"Iwashe, baba, tuisikie wote," mzee alimwambia.

Akawasha. Kimya. Kumbe spika ilishang'olewa zamani.

"Haya. Tumesikia wote kwamba haisemi. Kesho ikiwa haisemi, ni kutosema kwako, si kwangu."

Yule bwana aliondoka na redio yake kwapani na hakurudi. Alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumbebesha spika yake.

Baadaye ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, vitu vikaanza kupanda mlimani kutoka kila upande. Redio za plastiki, saa za plastiki, taa zinazoimba. Vilikuja bila skrubu, vimegandishwa kwa gundi. Mzee Shekigenda aliigeuzageuza redio moja akasema, "Hii imetengenezwa na mtu asiyetaka kukutana na fundi." Mwaka uliofuata aliugua kifua akafariki, tukamzika kwao Kwai. Bisibisi zake aliniachia mimi. Hakuiona kompyuta, na mara nyingi nimewaza kwamba aliwahi kuondoka vizuri.

Sasa tuje kwenye laptop.

Ilikuja na meneja mpya, Bwana Kasubi, aliyeletwa na mwekezaji. Ilikuwa nene kama matofali mawili yaliyolazwa, na nzito. Siku aliyoifungua mara ya kwanza ofisi nzima tulijaa mlangoni. Mama Nuru, aliyekuwa anatupikia chai ya ofisini, alichungulia juu ya mabega yetu akasema:

"Kumbe ni kioo cha kukunja!"

Tukacheka, na jina likabaki. Hatukuiita kompyuta, tuliiita kioo. "Kioo cha meneja kiko wapi?" "Kioo kimekwenda kwa Afisa Utawala." Kumbukeni neno hilo, maana ndilo lililotufikisha tulikofika.

Kila mtu wa milima hii anajua radi ikianza, kioo kinafunikwa. Bibi zetu walifunika, mama zetu walifunika. Mama Nuru alikuwa na kioo cha kujitazamia, kimetundikwa kwenye korido ya ofisi, na mawingu yakishaanza kunguruma upande wa bonde alikuwa anapita anakitupia kanga huku akipiga kelele mlango kwa mlango: "Funikeni vioo jamani!" Mwislamu, Mlutheri, Mkatoliki, hakuna aliyembishia. Aliyembishia ni mmoja tu, Bwana Mntangi.

Mntangi ni Msambaa kama mimi, kijiji cha jirani. Alisoma, akawa mzee wa kanisa, na ofisini alitaka aongeleshwe Kiingereza na watu ambao Kiswahili chenyewe kinawapiga chenga. Siku moja radi inanguruma, alitoka ofisini kwake, akaivuta ile kanga kwenye kioo cha korido akaitupa sakafuni mbele yetu.

"Mama Nuru, hapa ni ofisi, si kilinge! Mwekezaji akija akute mnafunika vioo kama wapagani? Radi inasoma? Inajua kioo kiko wapi?"

"Samahani, mzee," Mama Nuru alisema, akainama akaokota kanga yake.

"Mtu mwenye imani hafuniki kioo. Mnisikie wote."

Tulimsikia wote. Na Jumapili iliyofuata wenzangu Wakristo wakaniambia alilisema hata kanisani, akicheka.

Siku ya tukio mvua ilianza mchana. Mimi nilikuwa karakana nafunga mota ya feni. Ilikuwa mvua ya masika yenye hasira, na radi moja ilipiga karibu kabisa, nafikiri kwenye mikaratusi ya juu ya ofisi, maana taa zilizimika na bati lilitikisika. Mvua ilipopungua, Bwana Mntangi akaja karakana mwenyewe, mwavuli mkono mmoja, mkoba wa laptop mkono wa pili. Nilishangaa. Kawaida alikuwa anatuma mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Athumani. Hebu ifute vumbi hii, meneja anaitaka kesho. Usiharakishe."

Akauweka mkoba juu ya blanketi, zipu imefungwa, akaondoka kabla sijaacha bisibisi.

Najua mnachotaka kuniuliza. Na ile sheria ya Mzee Shekigenda? Haya, nijibuni ninyi kwanza. Mkubwa wako wa kazi, aliyekuzidi umri, mzee wa kijiji cha jirani anayewajua wazazi wako, umeshampa shikamoo naye ameitikia marahaba. Utamwambia, "Rudi hapa, fungua zipu mbele yangu, nione kama unaniletea kizima"? Kwa mwenye redio unasema. Kwa mtu wa shikamoo mdomo haufunguki. Mntangi alilijua hilo. Asingelijua asingekuja mwenyewe na mwavuli.

Nilifunga mota yangu, nikanawa mikono, nikafungua mkoba. Nilipoiwasha, lile doa likanitazama. Na kabla sijajua niseme nini, meneja akaingia na Mntangi nyuma yake. "Nimemwambia ameshika kitu cha thamani," Mntangi alikuwa anasema, "lakini nina wasiwasi na mikono ya watu hawa." Walinikuta nimeiinamia. Asubuhi ndiyo tukaitwa wote kwenye chumba cha kuonjea chai, ikawa kama nilivyowaeleza.

Nilijitetea. Nilimwambia meneja kuwa imeletwa hivyo. Akamgeukia Mntangi, na Mntangi akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayesikia mtoto akisema paka ndiye aliyekula nyama.

"Meneja, mimi niliifunga nzima. Sina zaidi."

Niliomba jambo moja tu: niachwe niitengeneze kabla hawajaamua lolote. Meneja alikubali kwa sababu alikuwa na shida na vilivyomo.

Haya sasa ni ya kazi, msome polepole. Kioo cha laptop kikipasuka, jambo la kwanza ni kuacha kukibonyeza. Kila ukibonyeza kuona panavyocheza, doa linakua. Pili, msitangaze msiba kabla ya kupima. Nyuma ya ile laptop kulikuwa na tundu la pini za mistari mitatu. Nilichukua kioo kikubwa cha kompyuta ya mezani ya stoo, nikachomeka hapo, nikabonyeza kitufe cha kuhamisha picha, na kila kitu cha meneja kikatokea kizima. Hivyo mtajua kama ni kioo tu au ni maradhi ya ndani. Tatu, zima, chomoa chaja, toa betri. Msije mkaingia mle na betri imo. Zile za zamani zilikuwa na taa nyembamba ndani ya kioo, inalishwa umeme mkali na kibao kidogo kilichojificha chini. Kilinifundisha adabu mara moja, sikuhitaji ya pili.

Skrubu za fremu zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya mpira. Viinueni kwa ncha ya sindano, mvibandike mahali msivipoteze. Fremu msiitanue kwa bisibisi ya chuma, itakwaruzika na kuwasema. Mimi nilitumia kipande cha kitana cha plastiki. Kioo kikishalala kifudifudi juu ya blanketi, someni namba yake ya mgongoni. Kinachotafutwa ni namba hiyo, siyo ukubwa wala sura. Nilikipata kwa bahati: mtafiti mmoja wa misitu aliyekuwa anakaa Lushoto mjini laptop yake ilimwagikiwa chai, ikafa yote isipokuwa kioo, na jamii ya namba ilikuwa ile ile. Alinipa. Nilibadilisha, nikarudisha skrubu kuanzia kifuniko cha kulia, nikawasha. Kikatoka cheupe, safi, kama uso uliooshwa.

Kile kibovu nilikichunguza kwenye mwanga wa dirisha. Nyufa zote zilianzia mahali pawili palipokaribiana chini kulia: pa kwanza pa mviringo, na kando yake alama fupi iliyonyooka. Kalamu na klipu yake. Mtu alifunga kifuniko kwa nguvu kalamu ikiwa imelala juu ya vitufe.

Nilikipeleka kioo kizima na kibovu kwa meneja, na Mntangi alikuwepo. Nilieleza yote, nikaonyesha. Meneja aliinama akaliangalia lile doa. Nilifikiri nimepona. Mntangi akasema, taratibu kabisa:

"Athumani, kama hukuvunja wewe, umejuaje palipoanzia?"

Nikamwambia nimeona kwa macho.

"Na umejuaje kukitengeneza, kitu ambacho hujawahi kufundishwa? Meneja, unaona? Alishaanza kukifungua zamani kwa udadisi, kikamshinda. Sasa anajua hata kilipouma."

Meneja aliitikia kwa kichwa. Hivyo kazi yangu ndiyo ikawa ushahidi juu yangu. Ningeshindwa kuitengeneza, labda ningebaki fundi. Majina yaliposomwa jina langu halikusomwa, wakasema nimehurumiwa. Nilihamishiwa getini. Karakana ilifungwa kwa kufuli mpaka ninyi mlipokuja kuifungua, na blanketi la Mzee Shekigenda nikaja kuliona limetandikiwa mbwa wa meneja.

Jina la Mama Nuru lilisomwa. Siku anaondoka na mabegi yake alisimama getini kwangu, akatazama nyuma kwanza.

"Baba Mwanaidi, nina kitu kinanikaba." Mwanaidi ni binti yangu wa kwanza. "Siku ile ya radi nilikuwa napeleka chai kwa Mntangi. Nilipiga kelele yangu ya siku zote, funikeni vioo. Radi ikapiga. Nilimwona kwa macho haya. Aliruka kwenye kiti, akasema 'Tate!' kwa Kisambaa, kama mtoto anayemwita baba yake, akakifunga kile kioo cha kukunja kwa mikono miwili, pwaa! Kisha akakifungua kidogo, akachomoa kalamu yake, akaipangusa, akaiweka mfukoni. Akaniona nimemwona."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema chai hii hapa, mzee."

"Mama Nuru! Na ile asubuhi tumesimama ukutani wote?"

"Ningesema nini, na majina yalikuwa hayajasomwa? Nilijua nikifunga mdomo nitabaki." Akayatazama mabegi yake akacheka kicheko kibaya. "Haya, nimebaki?"

Sikumkasirikia siku ile. Nilimkasirikia baadaye, kwa miaka, kisha nikaacha, kwa sababu njaa ya mtu haina hakimu. Ila Mntangi sijamwacha. Mtu ambaye angeweza kusema, "Samahani, radi ilinitisha, kalamu ilikuwa humo," na watu wangecheka siku moja, wakasahau. Kioo kingetengenezwa vile vile, na fundi yule yule. Lakini hapo angekuwa amekubali kwamba naye alifunika kioo. Alipendelea mimi nipotee kuliko yeye aonekane ameogopa kama sisi.

Nimefungua geti mpaka nimestaafu. Kila asubuhi gari lake lilisimama, ananisubiri niinue mti, na mimi nasema shikamoo, maana umri hauondolewi na dhambi. Naye kila asubuhi alishusha dirisha akajibu, "Marahaba, fundi." Fundi! Watoto wa kota waliokuwa wananiita Vunja-Kioo walikuwa na adabu kuliko yeye. Wao walifikiri wanasema kweli.

Wapo walioniambia nifikirie heri: wenzangu waliopunguzwa walitawanyika, wengine mpaka Bulwa kwenye chai ya watu wengine, mimi nilibaki na kazi. Nilibaki, ndiyo. Kubaki unatazama mlango wa karakana uliofungwa, na mikono yako inajua kila kilichomo, aiite heri anayeweza.

Bwana Kasubi, wewe ulikuwa meneja, na kioo uliwekewa mkononi na hukukigeuza. Hukumuuliza mtu wa pili. Hilo ni lako, lijibu popote ulipo.

Na wewe Zakaria Mntangi, nakuandika kwa jina kwa sababu uko hai, umejenga chini ya njia ya Lushoto, unakaa kiti cha mbele kanisani, na nimeambiwa mjukuu wako anajifunza ufundi wa laptop kwa vijana hawa hawa wanaosoma maneno haya. Nimewafundisha wote jambo moja, naye yumo: kitu hakipokelewi kikiwa kimefungwa.

Kile kioo kibovu ninacho, maana siku ile hakuna aliyekitaka. Kimelala kabatini kwangu Mlola, nimekiviringishia kanga aliyonipa Mama Nuru, ile uliyoitupa sakafuni. Mama Nuru bado ana nguvu, anauza vitunguu sokoni, na safari hii amesema mdomo hataufunga. Njoo na kalamu yako. Iweke palipobonyea, mbele yake, mbele ya vijana hawa, mbele ya mjukuu wako. Halafu utujibu, kwa Kisambaa kama ulivyosema siku ile: nani alifunga kifuniko?